Herufi ya Kwanza

Mwaka jana kadi ya kinasa sauti changu iligoma kusomeka. Ndani yake mlikuwa na mahojiano 11 ya tasnifu yangu ya uzamili, sauti za wazee waliowahi kukata mkonge Tanga. Mmoja wao alikuwa babu mzaa mama, na tulikuwa tumemzika mwezi mmoja kabla. Kompyuta ikanitaka niifomati kadi. Nikaichomoa.

Rafiki yangu anayejua mambo haya aliniambia, "Usirekodi kitu humo tena. Huenda kilichopotea ni orodha tu."

Kauli hiyo ina historia. Mwaka 1981 IBM ilitoa PC, kompyuta ndogo iliyotumia mfumo wa DOS. Ukifuta faili katika DOS, maandishi yenyewe hayakuguswa. Mfumo uliweka alama maalumu mahali pa herufi ya kwanza ya jina, kisha ukahesabu kwamba nafasi ile iko wazi. Maandishi yalibaki palepale mpaka mengine yaandikwe juu yake. Mwaka 1982 Mmarekani Peter Norton alianza kuuza programu zake, mojawapo UnErase, ya kurudisha mafaili yaliyofutwa. Microsoft iliweka amri ya UNDELETE katika MS-DOS 5.0 mwaka 1991. Kama herufi haikuwa imehifadhiwa pengine, UNDELETE ilimuuliza mtumiaji: jina lilianza na herufi gani? Jina lililobaki lilikuwepo. Herufi hiyo moja ilibidi itoke kichwani mwa mwenye faili.

Mimi nilitumia PhotoRec, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier. Hii haitegemei orodha kabisa. Inapita kadi nzima kipande kwa kipande ikitafuta mianzo inayofahamika: faili la sauti la WAV, kwa mfano, huanza na herufi RIFF. Haiandiki chochote kwenye kadi. Inachokipata inakihifadhi kwingine.

Alfajiri nilikuwa na mafaili 9. Hayakuwa na majina wala tarehe, namba ndefu tu.

Niliziangalia zile namba nikanyamaza. Babu alitolewa Njombe akiwa kijana kwenda mashambani, na watu kama yeye waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikishwa kwa namba. Tasnifu yangu ilikusudia kuwarudishia majina yao.

Hapakuwa na njia ya mkato. Nilisikiliza moja baada ya jingine, nikiandika jina kila nilipoitambua sauti. Katika la sita nilisikia kikohozi, kiti kikilia, halafu, "Mjukuu wangu, kimeshawaka hicho?"

Programu isingeweza kujua huyo ni nani. Nilijua mimi.

Mahojiano 2 hayakurudi. Mmoja wa wenyewe bado yuko hai, Korogwe. Nauli ninayo, na safari hii nitanakili kila jioni.