Wimbo wa Wapagazi katika Ushairi wa Dada: Kutoka Ziwa Tanganyika hadi Zürich

Historia ya sanaa ya kisasa ya Ulaya haikosi kuitaja Afrika, lakini mara nyingi huitaja kama chemchemi ya maumbo tu. Mwaka 1907 Pablo Picasso alizuru jumba la makumbusho la Trocadéro mjini Paris na kuvitazama vinyago vilivyokuwemo. Mwaka huohuo akachora Les Demoiselles d'Avignon. Mwaka 1915 Carl Einstein alichapisha Negerplastik, kitabu chenye picha nyingi za sanamu za Kiafrika ambazo chini yake hapakuandikwa hata neno moja: si kabila, si mahali, si mchongaji.

Mtu wa Nundu, katika mwambao wa Fizi ulio kati ya Uvira na Baraka, akisoma habari hizi hukumbuka kinyago cha 'alunga cha Wabembe, chenye nyuso mbili na macho makubwa yaliyochongwa ndani ya mashimo. Kufanana kwake na michoro ya Paris kunashawishi sana. Hata hivyo, kufanana si ushahidi. Vinyago vilivyofika mapema katika vyumba vya wachoraji wale vilitoka hasa katika makoloni ya Wafaransa, kama vile vya Wafang wa Gabon. Kiungo kilicho karibu zaidi na Ziwa Tanganyika hakimo katika mti uliochongwa, bali katika maneno.

Tarehe 5 Februari 1916, vita vikiwa vimepamba moto, Hugo Ball na Emmy Hennings walifungua Cabaret Voltaire mjini Zürich. Hapo ndipo lilipozaliwa kundi la Dada. (Jina hili lisimpotoshe msomaji, halina undugu wowote na dada wa Kiswahili.) Kwa kuwa lugha za Ulaya zilikuwa zimetumiwa kuhubiri vita, vijana hawa walitaka sauti isiyobeba maana hizo, wakadhani kwamba wameipata Afrika. Richard Huelsenbeck alikariri "mashairi ya Kiafrika" aliyoyabuni mwenyewe na kuyamalizia kwa neno "umba". Mwenye nyumba, Jan Ephraim, aliyekuwa amewahi kuwa baharia, alimwambia kwamba maneno yale hayakuwa ya kweli, akampa mengine. Huelsenbeck aliyapokea, lakini "umba" yake hakukubali kuiacha.

Tristan Tzara alikuwa mwangalifu zaidi. Alipekua maandishi ya wanaethnografia na ya wasafiri, akafasiri nyimbo alizozikuta humo. Baadhi yake zilitiwa katika Dada Almanach, kitabu alichokihariri Huelsenbeck na kukitoa Berlin mwaka 1920. Mojawapo ina kichwa "Zanzibar". Ni fupi sana, na kila mstari unaishia kwa mlio. Asiyejua lolote huuona kuwa ndio ushairi wa Dada hasa, yaani sauti tupu. Lakini ndani yake yamo majina manne: Waha, Wavinza, Mionvu na Kiala. Hakuna hata moja la Unguja. Waha na Wavinza ni watu wa mashariki ya Ziwa Tanganyika, na Mionvu na Kiala ni watawala ambao Henry Morton Stanley aliwataja katika How I Found Livingstone, kitabu kilichotoka mwaka 1872.

Kwa hiyo kisa kinafahamika. Mwaka 1871 msafara wa Stanley ulipita Uvinza na Uha kuelekea Ujiji, na kila penye mtawala ulidaiwa hongo. Mionvu alidai doti 100 za nguo. Walipoambiwa kwamba mbele kulikuwa na wadai wengine, waliondoka usiku kwa siri, wakakatiza msituni. Walipokwisha kuokoka, wapagazi na askari wakaimba kwa furaha: tumewaponyoka, hawatapata nguo zetu tena. Milio ile mwishoni mwa mistari ni vicheko, na kicheko cha kwanza kinarudia silabi ya jina la Waha wenyewe. Huo ni mzaha wa lugha, tena wa watu wenye akili timamu waliotoka katika hesabu ngumu ya kodi.

Neno hongo linastahili kutazamwa zaidi. Siku hizi maana yake ni rushwa. Katika biashara ya misafara ilikuwa malipo ya kupita, na mtawala aliyeyatoza alijiona ana haki, kwa kuwa msafara ulikula chakula na kunywa maji ya nchi yake. Malalamiko katika wimbo ni ya upande mmoja; Mionvu naye angeweza kuimba wake. Msomaji yeyote aliyewahi kusimamishwa mara tano katika barabara moja hahitaji kamusi ili aelewe furaha ya wapagazi.

Kuhusu lugha ya wimbo, tahadhari inahitajika, maana Stanley aliuandika kwa Kiingereza. Kiambishi wa- kinaonyesha njia ya Kiswahili, kwani Waha wenyewe hujiita Abaha, na Wanyamwezi pia hutumia ba-. Lakini Stanley aliyaandika majina ya makabila yote kwa wa-, hata pale ambapo mwimbaji huenda alitamka vingine. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, wa- na ba- husikika bega kwa bega hadi leo.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1871, Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi kutoka Ujiji hadi mlango wa Ruzizi, kisha wakarudi kwa kufuata pwani ya magharibi kutoka Uvira hadi karibu na Ubwari. Yaani walipita mbele ya mwambao wa Nundu. Miaka 49 baadaye wimbo ulichapishwa Berlin. Tzara alipata jina lake kama mfasiri, na Mionvu, aliyedai nguo, akabaki na lake ndani ya shairi. Wapagazi waliouimba walipewa neno moja tu, Zanzibar, ambako msafara wao ulikuwa umeandaliwa.