Msajili alivyofunga ndoa na Shirika la Nyumba

Siku ukiwa na nafasi, pita katikati ya jiji la Dar es Salaam, mitaa ile ya Uhindini ya zamani, kisha inua macho juu. Kwenye paji la baadhi ya maghorofa yaliyobaki utaona jina la mtu limeandikwa kwa saruji, na chini yake mwaka: thelathini na ngapi, hamsini na ngapi. Muulize mpangaji kodi anampelekea nani. Hatakutajia jina lile la juu. Atakwambia Shirika la Nyumba.

Mwenye jina alikuwa mwenye nyumba wa kwanza, na Shirika la Nyumba la Taifa ni wa tatu. Leo nataka tumkumbuke yule wa katikati, ambaye vijana wengi wa rika langu hawamjui, ingawa wazee bado wanasema "nyumba za Msajili". Usimchanganye na Msajili wa Hazina. Huyu alikuwa Msajili wa Majumba.

Tuanze na Shirika, maana ndilo kubwa kwa umri. Uhuru tuliupata Desemba 1961. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria Na. 45 ya 1962 na Shirika la Nyumba la Taifa likazaliwa. Kazi yake ilikuwa kujenga. Katika miaka ya 1960, vibanda vya udongo na makuti vilibomolewa sehemu kama Magomeni, na mahali pake zikasimama nyumba za saruji na bati. Nchi changa, maskini, lakini iliamini kwamba mtu wa kipato cha chini naye anastahili ukuta usiomong'onyoka mvua ikinyesha.

Msajili alizaliwa kwa njia nyingine kabisa. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limeshamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Miaka minne baadaye, Aprili 1971, katazo likahama kutoka kwa kiongozi hadi kwenye jengo lenyewe. Sheria mpya ilimpa Rais uwezo wa kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakai ndani, amepangisha. Jengo likiwa na umri wa zaidi ya miaka kumi, mwenyewe hakulipwa fidia.

Wengi waliopoteza majengo walikuwa Watanzania na wakazi wenye asili ya Asia. Wengine walifunga mizigo wakaenda Uingereza na Kanada. Kwa upande wa Serikali, kodi ya nyumba ilikuwa unyonyaji, na unyonyaji ulikuwa unakomeshwa. Kwa upande wa familia iliyoishi kwa kodi ya ghorofa moja lililojengwa na babu, dunia ilipinduka. Nadhani tunaweza kuyasema yote mawili kwa pumzi moja bila kumtukana mtu.

Majengo yakishatwaliwa lazima mtu ayatunze na akusanye kodi. Ndipo ikaundwa ofisi ya Msajili wa Majumba. Kwa hiyo tangu 1971 Serikali ikawa na wenye nyumba wawili katika mji mmoja, mmoja wa nyumba zilizojengwa, mwingine wa nyumba zilizotwaliwa.

Wakati huohuo yule mjenzi alikuwa anapungukiwa nguvu. Miaka ya 1970 sera iligeuka: badala ya kubomoa na kujenga upya, Serikali ikapima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni watu wajijengee wenyewe, na makazi kama Manzese yakaboreshwa palepale yalipo. Kodi nazo zilibanwa na sheria, ya mwisho ikiwa ya 1984. Kodi ya chini ni neema kwa mpangaji, ila haipaki rangi wala haizibi bomba. Na palipo na nyumba ya bei poa katikati ya mji, kilemba hakikosekani: mpangaji anampangisha mwenzake kwa bei ya mtaani, tofauti anaitia mfukoni.

Mwaka 1990 ndoa ikafungwa. Sheria Na. 2 ya mwaka huo ilivunja ofisi ya Msajili na mali zake zote zikahamia Shirika la Nyumba. Kwenye karatasi ni jambo la busara. Kwa nini Serikali iwe na ofisi mbili za kukusanya kodi mji mmoja?

Lakini mwenye kuunganisha ofisi huwa anaunganisha na tabia zake. Mjenzi wa nyumba za wanyonge aliamka asubuhi akiwa na maghorofa kwenye viwanja ghali kuliko vyote nchini. Tangu miaka ya 1990 Shirika likaanza kuingia ubia na wawekezaji, ghorofa mbili za zamani zikaanguka, minara ikapanda. Mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi ikafutwa, na Shirika likapewa uwezo wa kujiendesha kibiashara. Tangu hapo lawama ni zilezile: likipandisha kodi, wapangaji wanauliza wanyonge waende wapi; lisipopandisha, majengo yanaoza.

Mimi silaumu ndoa yenyewe. Ninachosema ni kwamba 1990 tuliunganisha mafaili kabla ya kujibu swali: nyumba ya umma ni ya nani? Sheria ya 1962 ilikuwa na jibu lake, mnyonge apate pa kulala. Ya 1971 nayo ilikuwa nalo, asiwepo wa kutajirika kwa kodi. Sasa tumebaki na mwenye nyumba mmoja, naye anatakiwa afanye biashara na huruma kwa mkono mmoja.

Na yale majina ya kwenye saruji yanazidi kupungua, jengo moja baada ya jingine. Ukipita, yasome kabla hayajabomolewa.