Jiwe Lililolindwa na Miiko

Katika vijiji vingi vya Mbozi, Momba na Ileje, mgeni akiuliza kuhusu kichaka fulani kisichokatwa kuni au chemchemi isiyochotwa maji ovyo, hujibiwa kwa maneno mawili tu: "Pana wenyewe." Anayejibu hamaanishi mwenye shamba. Anamaanisha mizimu ya waliozikwa hapo, au nguvu isiyo na jina. Mahali pa namna hiyo ni pengi mkoani Songwe, na historia ya pengi imebaki midomoni mwa wazee. Mahali pamoja tunaweza kupafuatilia kwa miaka na majina: mteremko wa mlima Marengi, kijijini Ndolezi, wilaya ya Mbozi, lilipo jiwe la chuma tunaloliita Kimondo.

Kimondo kina urefu wa takriban mita 3 na kimo cha mita 1 hivi. Watanzania tumezoea kusema kina tani 12, vitabu vingine husema 16; yote ni makadirio. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Hakuna shimo linaloonyesha kilipoangukia. Kwa hiyo wataalamu hukisia kwamba kilianguka maelfu ya miaka iliyopita, na mvua na upepo vikafuta kovu la ardhi.

Wenyeji wa eneo hilo, Wanyiha, hawakuwa watu wa kushangazwa na chuma. Walikuwa wafua vyuma hodari. Waliyeyusha mawe ya madini katika tanuri ndefu za udongo zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto, kisha wakasafisha chuma katika tanuri ndogo na kukifua kuwa majembe na silaha. Taarifa ya Beverley na P. W. G. Brock iliyochapishwa mwaka 1965 ilieleza ufundi huo wa Unyiha. Kazi ya tanuri katika nchi hizi ilikwenda na dawa na miiko, na wayeyushaji walijitenga na wake zao hadi kazi iishe. Kwa watu waliopata chuma kwa jasho na masharti namna hiyo, tani nzima nzima za chuma kisichochimbwa wala kuyeyushwa, kilichojitokeza tu mlimani, hazikuwa jambo la kuchezewa. Na hata kama yupo aliyetamani kipande, chuma chenye nikeli hakikatiki kirahisi kwa shoka.

Wageni walipita karibu kwa muda mrefu bila kuambiwa. Wamoraviani walifungua misheni Mbozi mwishoni mwa karne ya 19, wakajenga shule na kanisa, wakajifunza lugha ya wenyeji. Serikali ya Wajerumani ilitoza kodi na kukusanya vibarua. Mwishoni mwa Oktoba 1918 jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilipita Mbozi likielekea Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Waingereza wakiwa nyuma yake, na tarehe 2 Novemba likapigana Fife, upande wa pili wa mpaka, si mbali na ilipo Tunduma ya leo. Kisha wakaja Waingereza, na walowezi wa kahawa. Katika miaka hiyo yote, Kimondo hakikuingia kwenye ramani yao yoyote.

Kiliingia Oktoba 1930, pale mpima ardhi W. H. Nott alipokiona. Wakati huo ilionekana sehemu ya juu tu. Mwaka 1931 D. R. Grantham na F. Oates walichapisha maelezo ya kitaalamu katika jarida la Uingereza la madini. Baadaye udongo ulichimbwa pande zote, likabaki guzo la ardhi chini ya jiwe, likaimarishwa kwa zege. Ndilo linalokibeba hadi leo.

Tangu wakati huo, sababu inayotolewa ya ukimya wa wenyeji ni miiko iliyolizunguka jiwe. Naikubali, ila nadhani haikusimama peke yake. Mtu aliyemwona mgeni akihesabu vibanda ili atoze kodi alikuwa na sababu ya pili ya kutomwonyesha kitu cha thamani. Hofu ya mzimu na hofu ya mtawala zilifunga mdomo mmoja.

Ukimya huo ulikuwa na faida gani? Tazama kilichofuata. Ncha ya Kimondo ina makovu ya wageni waliochonga vipande wakaondoka navyo kama ukumbusho. Sheria ya kwanza ya nchi ya kuhifadhi kumbukumbu za kale ilitungwa mwaka 1937, na Sheria ya Mambo ya Kale ikaja mwaka 1964. Miiko ilikuwa imetangulia kwa vizazi vingi, bila mlinzi wa mshahara wala kibao cha onyo.

Ulinganishe na Greenland. Huko wenyeji walikuwa na vimondo vya chuma vya Cape York, wakavigongagonga kupata visu na ncha za vyusa. Mwaka 1894 mmoja wao alimwongoza Mmarekani Robert Peary hadi vilipo. Kufikia 1897 Peary alikuwa amevipakia melini, kikubwa chao kikiwa na tani 31. Viliuzwa kwa dola 40,000, na leo viko katika jumba la makumbusho New York.

Au tusiende mbali, tushuke Ivuna, wilayani Momba, katika bonde la Ziwa Rukwa ambako watu wamepika chumvi kwa karne nyingi. Jioni ya tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka huko kimondo cha gramu 705, laini na cheusi, cha aina adimu kuliko chuma. Wanasayansi wameliita kundi zima la vimondo vya namna hiyo kwa jina la Ivuna. Chembe ambazo chombo cha Japani Hayabusa2 kilizileta kutoka sayari ndogo ya Ryugu mwaka 2020 zilionekana kufanana nacho. Lakini kipande cha gramu 202 kilinunuliwa na jumba la makumbusho la London mwaka 2008, na huko ndiko kinakohifadhiwa, ndani ya gesi ya nitrojeni.

Kimondo cha Ndolezi bado kiko mlimani pake, sasa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Mtu anaweza kukigusa bila kuona chochote cha ajabu, akacheka imani za wazee. Asicheke. Hata asiyeamini mizimu ana haki ya kujua ni nani aliyemtunzia jiwe hilo. Ukizuru mahali pa namna hiyo Songwe, anzia ofisi ya kijiji, kaa na wazee, uliza lililokatazwa ni lipi na kwa nini, na usiondoke na kitu. Ukiambiwa "pana wenyewe", itikia na utii, kwa maana hao ndio waliopahifadhi kabla serikali haijajua kama papo.