Nani Asome Sukari ya Damu?

Historia ya kupima kisukari ni historia ya vyombo, lakini zaidi ya hayo ni historia ya haki ya kujua. Mwaka 1776 Matthew Dobson, tabibu wa Liverpool, alikausha mkojo wa mgonjwa kwa moto, akaona mabaki yake yana utamu wa sukari. Baadaye wagonjwa walipata kupima mkojo nyumbani. Lakini mkojo husimulia yaliyopita, na damu, isemayo yaliyopo, ilibaki mikononi mwa waganga.

Insulini ilipoanza kutumika Toronto mwaka 1922, iliokoa maisha, lakini ilileta hatari ya pili. Sukari ikizidi huharibu macho, figo na mishipa ya fahamu. Ikipungua mno mtu huzimia. Atembeaye baina ya hatari mbili hana budi kuona njia.

Karibu na mwaka 1970 kilitokea Marekani chombo cha kupima tone la damu, nacho kiliuzwa kwa waganga tu. Mhandisi Richard Bernstein, mgonjwa tangu utoto, alikipata kwa kuwa mkewe alikuwa daktari. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa mgonjwa ndiye aliyefichwa maradhi yake.

Mwaka 1962 Leland Clark alikuwa ameonyesha kuwa kimeng'enya kikiunganishwa na waya wa umeme huweza kupima sukari. Juu ya msingi huo kilijengwa chombo cha kupima mfululizo, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1999. Kilikaa mwilini siku 3, lakini tarakimu zake hazikuonekana kwa mvaaji: daktari alizisoma baadaye. Vyombo vilivyofuata viliondoa pazia hilo; na tangu mwaka 2014 Ulaya ilipata cha kubandikwa mkononi kwa siku 14.

Mvaaji wa leo husoma mwenyewe, na vyombo vingi humwamsha usiku sukari inaposhuka. Lakini hupima majimaji yaliyo chini ya ngozi, ambayo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Tarakimu isipolingana na hali ya mwili, ni busara kuchoma kidole. Tena kujua kuna uzito wake: kila mlo huwa hesabu, na kila usiku huwa na mlinzi asiyenyamaza.

Hata hivyo wengi wangeupokea uzito huo kwa furaha. Kibandiko kikiisha muda wake hununuliwa kingine, mwaka hata mwaka. Mlango uliofungwa zamani kwa cheo cha tabibu, leo hufungwa kwa bei. Na aliye nje haoni tofauti ya kufuli.