Artane Kabla Haijafika Hosteli

Mimi ni muuguzi mstaafu wa magonjwa ya akili. Hapa Kedowa vijana wa chuo hunijia likizoni na maswali wasiyoweza kuwauliza wazazi wao. Wengi siku hizi huuliza habari za Artane.

Dawa hiyo ilianzia wodini. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka wa 1910 mahali walipokuwa wakitengwa wagonjwa wa ndui. Kwa miaka mingi dawa zilizokuwepo zilimlaza mtu tu. Kazi nyingine ilifanywa na kufuli. Mwaka wa 1952, huko Paris, Jean Delay na Pierre Deniker walionyesha nguvu ya klopromazini, ambayo sisi wauguzi tuliizoea kwa jina la Largactil. Mtu aliyekuwa akipiga kelele usiku kucha aliweza kuketi, akala, akawatambua wanawe. Lakini Largactil ilikaza viungo: shingo ilipinda, mikono ikatetemeka, miguu ikaburura. Ndipo Artane, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, ikaandamana nayo. Wodini tulizitoa pamoja, na mgonjwa akazimeza tukimwona.

Kisha wagonjwa wakaanza kutibiwa nyumbani, jambo ninalolitetea hadi leo. Mzazi wa huku hakulazimika tena kumfuata mwanawe Nairobi. Ila sasa pakiti ilikaa kabatini, na watu wakagundua kwamba asiyeumwa akizidisha Artane hupagawa: huona yasiyokuwepo, moyo humwenda mbio, kumbukumbu humpotea. Mwanafunzi ataingiaje mtihani hivyo? Wapo pia wanaotafuna muguka wakeshe wakisoma, kisha humeza Valium ili walale. Aliyeizoea akiiacha ghafla anaweza kushikwa na degedege.

Valium imo katika mkataba wa Vienna wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Artane haimo, ingawa nayo ina madhara niliyoyataja.

Linaloniuma zaidi ni mwenye pakiti. Vidonge vya Artane vinavyopitishwa hosteli mara nyingi viliandikiwa mtu fulani, pengine kaka wa mwanafunzi huyohuyo. Vikiibwa au kuuzwa, viungo vya mgonjwa hukakamaa tena. Yeye hudhani Largactil ndiyo adui, huiacha, na baada ya majuma machache sauti asizozisikia wengine humrudia. Majirani husema dawa za hospitali hazikumfaa, na jamaa huanza kumtafutia kamba ya kumfungia.