Hori Lililofukiwa: Mvua na Mji wa Unguja

Mji wa Unguja, ambao wageni wa leo wanaujua zaidi kwa milango yake ya nakshi na vichochoro vyake vyembamba, ulijengwa juu ya rasi iliyokaribia kuwa kisiwa; kwani upande wake wa mashariki, kuanzia Funguni na Malindi na kuteremka hadi karibu na Mnazi Mmoja, palikuwa na hori lililoingia kutoka baharini, likijaa wakati wa bamvua na kubaki tope tupu maji yakupwapo, na kipande chembamba cha ardhi upande wa kusini ndicho pekee kilichoishika rasi isiachane na kisiwa kikubwa. Watu walilivuka hori hilo kwa daraja, wakafika Ng'ambo. Na mwenye kusimama Darajani hii leo haoni daraja wala maji, bali magari, maduka na umati wa wanunuzi. Mengi yameandikwa juu ya majumba ya upande mmoja na siasa za upande wa pili, lakini hori lenyewe, ambalo lilizitenga pande hizo na kuzitumikia zote mbili, limepata waandishi wachache mno, ilhali mafuriko yanayowasumbua watu wa mji huu kila masika hayafahamiki vema ila kwa kulirejea.

Kwanza tuitazame mvua. Unguja hupata takriban milimita 1,600 kwa mwaka, na fungu kubwa lake hushuka katika masika, baina ya Machi na Mei, ambapo mvua ya saa chache huweza kuijaza njia nzima. Bahari nayo hapa hupanda na kushuka kwa kiasi kikubwa, takriban mita 4 wakati wa bamvua, na mabamvua makubwa kabisa huja pale usiku na mchana vinapolingana, yaani mwezi wa Machi na tena Septemba. Kwa hivyo masika huanza majira yale yale ambayo bahari iko juu, na mtaro wowote unaomwaga maji yake pwani huweza kuukuta mdomo wake umezibwa na bahari saa ile ile mvua inapozidi. Mwenye kupanga mji huu bila ya kuyaweka mambo hayo mawili pamoja amepanga nusu ya kazi.

Wajenzi wa zamani hawakuwa na hesabu za wahandisi, lakini walikuwa na tadbiri zao. Nyumba za mawe zilikuwa na sakafu tambarare juu yake, zimepigwa chokaa juu ya boriti, na maji yaliyotuama pale yalitoka polepole kwa milizamu, mengine yakiingia katika mabirika ya nyumbani na mengine yakianguka njiani. Sakafu hizo zilivuja, jambo ambalo kila aliyekaa chini yake alilijua, na ndiyo sababu mwisho wa karne ya kumi na tisa nyingi zilianza kufunikwa kwa mabati. Na bati, tofauti na chokaa, halibakishi tone, bali humwaga yote njiani mara moja. Njia zikawa mito ya muda. Mabaraza ya mawe yaliyoambatana na kuta, ambayo tumezoea kuyasifu kwa kahawa, bao na mazungumzo, yalikuwa pia ndiyo njia ya juu ya wapitao kwa miguu, wakihama kutoka baraza moja hadi jingine huku maji yakipita chini yao. Na mpaka leo, mvua ikikaza, utawaona watu wa Mji Mkongwe wakifanya vivyo hivyo. Maji hayo yote yalikuwa na pa kwenda: yaliyo upande wa magharibi yaliingia baharini, na yaliyo upande wa mashariki yaliteremka horini.

Ng'ambo ilikuwa na hali nyingine. Huko nyumba zilikuwa za udongo na fito, zimeezekwa kwa makuti ambayo huichelewesha mvua kabla ya kuiangusha, na baina ya nyumba na nyumba palikuwa na uwanda wa mchanga, minazi na miembe, ardhi iliyokunywa maji kwa wingi. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo matajiri wa mjini waliiweka wakf, ili watu wao na wale waliokuwa watumwa wao wapate mahali pa kukaa. Yaliyosalia juu ya ardhi yalikusanyika katika mabonde madogo na maziwa, au yakafuata mteremko hadi horini.

Sisemi kwamba hori lilikuwa zuri. Taka za mji zilitupwa humo, na harufu yake maji yakikupwa haikuwa ya kustahimilika. Kipindupindu kilipoingia mjini mwaka wa 1869, daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa akitibu watu hapa wakati huo, alizikusanya habari zake na kuzitia katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1876, na uchafu wa mji ukawa hoja mikononi mwa wageni waliotaka kuutengeneza. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini maji ya chemchemi za kaskazini kwa mabomba, hisani iliyosimuliwa kizazi baada ya kizazi. Lakini maji safi yakishaingia mjini hayana budi kutoka yakiwa machafu, na kutoka kwake hakukupata tadbiri iliyolingana na ile ya kuingia kwake.

Ulipokuja utawala wa himaya ya Waingereza, mwaka wa 1890, hori likahukumiwa. Hukumu hiyo ilikuwa na sababu zaidi ya moja, na ni insafu kuzitaja zote. Palikuwa na hofu ya mbu na homa. Palikuwa na tamaa ya ardhi mpya karibu na mji. Na palikuwa na ile fikra ya wakoloni ya kuwatenga watu kwa rangi na asili, ambayo kwayo uwanda mpana baina ya mji wa mawe na Ng'ambo ulikuwa na faida yake. Upande wa kusini ulifukiwa mapema ukawa viwanja vya Mnazi Mmoja. H. V. Lanchester, mpangaji miji aliyeletwa kuutazama mji, alitoa mapendekezo yake mwaka wa 1923. Na kazi ya kufukia ikaendelea kwa vipande mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950, hata pasibaki hori la kuonekana.

Taksiri ya wakoloni, kwa maoni yangu, haikuwa kuondoa tope na mbu, kwani mbu huua. Taksiri ilikuwa kudhani kwamba hori ni shimo tu, na kwamba shimo likijazwa kazi imekwisha. Hori lilikuwa chombo: lilipokea maji ya mvua wakati bahari imejaa, likayaweka, kisha likayaachia maji yalipokupwa. Mtaro au bomba, hata liwe pana namna gani, hupitisha maji lakini haliyaweki. Ardhi iliyofukiwa yenyewe haikusahau asili yake, kwani mpaka leo viwanja vya Mnazi Mmoja huingiliwa na maji ya bahari wakati wa mabamvua makubwa. Na hata mitaro haikugawiwa sawa: watu wa Ng'ambo, ambao mwaka wa 1928 waligoma kulipa kodi ya ardhi waliyokuwa wakitozwa, walikuwa wakidaiwa fedha kwa ajili ya viwanja ambavyo havikupata mitaro iliyolingana na ile ya upande wa mawe.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya iliikabili Ng'ambo kwa nia ya kuiheshimu, na majumba marefu ya Michenzani, yaliyoanzwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, ni ushahidi wa nia hiyo. Lakini mji ulikua kuliko mipango yake. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 391,002 katika hesabu ya mwaka 2002, ukawa na 593,678 mwaka 2012, na 893,169 mwaka 2022. Na watu hao walihitaji nyumba, na nyumba zilihitaji viwanja, na viwanja vilivyopatikana kwa bei nafuu aghalabu vilikuwa vile vya mabondeni. Makuti yakaondoka, bati likaingia, ua wa mchanga ukasakafiwa kwa saruji, minazi ikakatwa. Sebleni, Mwanakwerekwe na Kibonde Mzungu, mahali ambapo maji yalizoea kutuama bila ya kumdhuru mtu, pakawa majina yanayotajwa kila masika kwa majonzi, watu wakihamisha magodoro na watoto, makaro yakifurika na kuchanganyika na maji ya mvua, na kipindupindu, ambacho kilirudi Zanzibar mwaka wa 1978, kikipata njia. Kile kilichofanywa na wakoloni kwa hori moja kwa amri, sisi tumekifanya kwa maziwa mengi kwa hati za mauziano, kiwanja baada ya kiwanja.

Juhudi zimefanywa, na si haki kuzidharau. Wajerumani walisaidia kutengeneza mitaro ya maji machafu na ya mvua ya mjini, na kuanzia 2011 mradi wa huduma za mijini uliokopeshwa fedha na Benki ya Dunia ulijenga mitaro mikubwa ya maji ya mvua katika mitaa ya Ng'ambo, na mitaa iliyokuwa ikizama imepata nafuu ya dhahiri. Lakini mitaro hiyo inakwenda baharini, na bahari ina saa zake; na mtaro uliojaa chupa na mifuko hauna tofauti na mtaro ambao haukujengwa. Kinachokosekana bado ni pahali pa maji kungojea.

Mabonde yaliyosalia wazi, ndani ya mji na pembezoni mwake, yapo bado, ingawa yanapungua. Yanaweza kuachwa yawe viwanja vya mpira na bustani wakati wa kiangazi, na maziwa wakati wa masika. Zuio la ujenzi lililotolewa kwa tangazo limekwisha kushindwa mara nyingi, kwani tangazo hubadilika na ofisa huhamishwa. Lakini wakf ni jambo ambalo watu wa mji huu wanalijua na kuogopa kulivunja, na Zanzibar inayo Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana yenye kazi ya kuzilinda mali za namna hiyo. Ardhi ya Ng'ambo iliwahi kuwekwa wakf ili watu wapate pa kukaa. Serikali na wenye mali wangeweza, kwa hati iliyoandikwa na mashahidi wake, kuyaweka mabonde haya wakf kwa maslahi ya watu wanaokaa karibu nayo, yasiuzwe, yasirithiwe wala yasikatwe viwanja. Na kazi ya kwanza ingekuwa kuyapima yote na kuyaandika mipaka yake katika kiangazi kimoja, kabla wenyewe hawajapata wanunuzi.