Injini za Angani na Joto la Rufiji, 1914–1915

Wasikilizaji wetu wa Kilwa na Lindi, mwajua jinsi mikoko ya maingilio ya Rufiji, kaskazini ya Kilwa, iwezavyo kuficha hata jahazi lenye mlingoti. Humo ndimo ilimojificha manowari ya Kijerumani, Königsberg, baada ya kuipiga na kuizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Mizinga ya baharini haiwezi kulenga kisichoonekana. Ilibidi mtu apande angani atazame.

Mwezi wa Novemba alipanda rubani H. D. Cutler kwa eropleni ya Curtiss iliyoelea majini. Rejeta yake, yaani chombo cha kupozea maji ya injini, ilipoharibika, ikatafutwa ya motokaa ya Ford huko Mombasa. Aliiona manowari; lakini Desemba alishuka mtoni kwa lazima, akatekwa.

Adui mkubwa wa warubani hao alikuwa joto. Injini huvuta hewa pamoja na petroli. Hewa ya moto ni nyepesi, na petroli isipopunguzwa huzidi kipimo, injini ikakohoa na kukosa nguvu. Fundi hupunguza kidogo kidogo, akisikiliza mlio. Akipunguza mno, injini huunguzwa na moto wake yenyewe. Lakini hata fundi hodari hawezi kuirudisha hewa iliyopungua, na hewa hiyo hiyo huyabeba mabawa kwa shida. Eropleni za Sopwith zilizoletwa Februari 1915 zilishindwa kuinuka na mzigo wa vita. Injini zao za Gnome zilitiwa mafuta ya mbarika, yale yale waliyokuwa wakinyweshwa watoto wenye tumbo zito, kwani petroli haiyayeyushi. Hata leo injini nyingi ndogo za ndege za mchezo hupewa mafuta hayo.

Mwishowe zikaja eropleni za magurudumu, Farman na Caudron, zikarukia Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 Cull na mwenziwe Arnold walizunguka juu ya Königsberg, wakiwaarifu wapiga mizinga wa Severn kwa simu ya upepo mahali makombora yaangukiapo. Injini ikapigwa, ikazimika. Cull akaishusha eropleni polepole bila injini, na Arnold hakuacha kupeleka habari hata walipokuwa wakianguka. Walitumbukia mtoni karibu na Mersey, wakaokolewa kwa mashua, wote wawili hai. Königsberg iliwaka moto siku ile ile.